Tangi Lishuke au Sakafu Ikatwe? Gharama za Kuifikia Pampu ya Mafuta Siakago

Pampu ya mafuta ikifa kwenye Land Rover Defender Td5, kwenye Suzuki Jimny ya kizazi cha tatu au kwenye Escudo ya zamani, ugonjwa wenyewe si mkubwa. Njia ya kuufikia ndiyo ndefu. Pampu imezama ndani ya tangi, kichwa chake kimeangalia juu, na juu yake imelala sakafu ya gari isiyo na tundu lolote. Kazi ambayo ingemalizika kabla ya chai ya saa nne inakula siku nzima, kwa sababu tangi lazima lishuke kwanza. Hapo ndipo fundi anapokuja na wazo lake: tukate sakafu, tuweke kidirisha chenye kifuniko cha bati, siku nyingine ikiharibika tunafungua tu.

Wazo hilo ni zuri kwa baadhi ya magari, na kwa wenye magari wengine ni hasara na hatari. Msimamo wangu, nitakaoutolea hesabu hapa chini, ni huu: kidirisha kinalipa pale tu kinapokatwa siku ambayo tangi tayari liko chini kwa sababu nyingine. Ukipeleka gari zima kwenye gereji ili sakafu ikatwe "kwa tahadhari", unalipia ubovu ambao haujafika na huenda usifike kabla hujaliuza gari.

Kwanza tujue ni nani swali hili linamhusu. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya dizeli ya 1HZ, zile ambazo mashirika na ofisi za serikali wamezizoea, hazina pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu yao iko kwenye injini na inaendeshwa na injini yenyewe. Kwenye tangi kuna kipimo cha mafuta na bomba la kunyonyea tu. Defender ya 300Tdi nayo ni hivyohivyo: pampu yake ndogo ya kuvuta mafuta imefungwa ubavuni mwa injini, unaiona ukifungua boneti. Mwenye gari la namna hii akiambiwa akate sakafu ili "kurahisisha mambo ya pampu", aage kwa heshima na aondoke na funguo zake.

Td5 ni habari nyingine. Land Rover walipoileta injini hiyo mwaka 1998, pampu ilihamia ndani ya tangi ikawa ya umeme, ingawa mafuta ni dizeli. Na hapa pana jambo ambalo kila mnunuzi angepaswa kulijua. Discovery ya pili, yenye injini hiyohiyo, ilitoka kiwandani na kifuniko kwenye sakafu ya nyuma: unakunja zulia, unafungua skrubu, pampu hii hapa. Defender, gari lililoundwa kwa ajili ya porini na shambani, halikupewa kifuniko hicho. Kampuni ni moja, injini ni moja, miaka ni ileile, lakini mmoja anafungua skrubu na mwenzake analala chini ya gari.

Kwa magari ya petroli yenye injekta, mambo yanatofautiana kutoka modeli hadi modeli. Nissan X-Trail ya kwanza ina kifuniko chini ya kiti cha nyuma, na magari mengi madogo ya mjini yana mpangilio huo. Jimny ya kizazi cha tatu, ile iliyouzwa kuanzia 1998 hadi 2018, na Escudo za miaka ya 1990 zinadai tangi lishuke. Usilitegemee neno la dalali. Kabla ya kununua gari lolote, inua kalio la kiti cha nyuma, kunja zulia, upapase sakafu kwa mkono. Ukikuta kipande cha bati cha mviringo au cha duara, kimefungwa kwa skrubu au kimebandikwa kwa gundi nyeusi ya kiwandani, swali lako limeshajibiwa. Upekuzi huo hauna gharama, na kama unachagua kati ya magari mawili ya bei moja, mimi ningeuhesabu kuwa sababu halali ya kulichukua lile lenye kifuniko.

Sasa tuseme gari ni lako tayari, halina kifuniko, na asubuhi moja limekataa kuwaka. Pesa nyingi hupotea katika saa ya kwanza, kabla ya nati yoyote kufunguliwa. Fundi anasema:

"Mwalimu, pampu imekufa. Tushushe tangi."

"Umepima, ama unakisia?"

Swali hilo lina thamani kuliko punguzo lolote la bei utakalolipata baadaye. Pampu haiwi mbovu kwa sababu tu injini imekataa kuwaka. Washa swichi bila kupiga stata: kwenye magari mengi ya injekta utasikia mvumo mfupi kutoka nyuma, kama sekunde mbili, kisha unanyamaza. Ukiusikia, pampu ina uhai, na pengine shida ni chujio lililoziba au kitu kingine kabisa. Usipousikia, bado usikimbilie tangi. Fyuzi ikaguliwe. Rilei ya pampu ibadilishwe kwa muda na nyingine inayofanana nayo kwenye kisanduku hichohicho. Kisha fundi wa waya apime kwa mita kama umeme unafika kwenye soketi ya pampu, na kama waya wa kwenda bodi umeshika vizuri. Soketi ikikosa umeme, pampu mpya haitasaidia kitu. Umeme ukifika kamili na pampu ikakaa kimya, hapo ndipo hukumu inapokuwa ya haki. Kuna pia hatua ya mwisho kwa pampu inayovuma lakini gari halina nguvu kwenye mlima: kupima mgandamizo kwa saa yake. Petroli ya injekta kwa kawaida huhitaji karibu baa 3, yaani PSI 43 hivi, ambayo ni zaidi ya upepo wa tairi zako nyingi. Fundi asiye na saa hiyo aazime kwa mwenzake. Ni aibu kumtoza mtu ada ya siku nzima kwa kukisia.

Je, kwa nini pampu zife mapema? Joto la huku kwetu Siakago lina lake, lakini mazoea yetu yana zaidi. Pampu ya ndani ya tangi hupozwa na mafuta yanayopita ndani yake na kuizunguka. Anayefika kituoni kila mara akasema "weka ya mia tano" anaifanya pampu iishi juu ya mashapo, ikivuta hewa kila gari linapoinama kwenye makorongo. Bei ya petroli jijini Nairobi, ambayo mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli (EPRA) huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi, mwaka 2025 ilikuwa kati ya Sh170 na Sh190 kwa lita. Kwa Sh180, mia tano ni lita 2.8 tu. Kwenye tangi la Jimny la lita 40 hizo ni za kulowesha chini. Kumwaga petroli ya Sh1,800 kwa pamoja hakukuongezei hata senti moja ya matumizi. Ni lita zilezile 10 ambazo ungezinunua kwa awamu, ila pampu inalala ndani ya mafuta. Robo tangi iwe ndiyo sifuri yako.

Jambo la pili ni mafuta yenyewe. Petroli ya chupani na ya mitungi ya barabarani huja na maji na vumbi, na chujio dogo lililo mdomoni mwa pampu ndilo linaloubeba mzigo huo. Kwa dizeli, uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa umekithiri nchini hadi serikali ikaweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mnamo Septemba 2018, ili faida ya kuchanganya ipungue. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu pamoja na injekta hulainishwa na mafuta hayohayo yanayopita. Unayejaza kituo kimoja unachokiamini, ukaweka na risiti, umeshapunguza uwezekano wa kulihitaji somo hili lote.

Tuseme hukumu imetoka na pampu imekufa kweli. Kushusha tangi ni nini hasa? Mafuta yanatolewa kwanza. Tangi la Jimny likiwa limejaa lina petroli ya karibu kilo 30; la Defender 110, la lita 75 hivi, lina dizeli ya zaidi ya kilo 60. Hakuna fundi mwenye akili atakayelipokea kifuani. Kisha kinga ya chini inatolewa, chuma cha kukokotea kama kinazuia, mabomba ya kujazia na ya kupumulia, na mikanda au nati zinazolishika tangi, ambazo baada ya miaka kumi ya matope zimeungana na bolti zake. Nati moja ikikatika unaongeza saa.

Na hapa kuna kitu cha kuangalia kwa macho yako. Tangi likishashuka nusu, mwombe fundi asimame, uchungulie juu yake. Utakuta vumbi jekundu limeshindiliwa kama sakafu ya nyumba ya udongo, majani makavu, pengine kiota cha panya, na katikati kichwa cha pampu na soketi yake iliyoota ukijani kwenye ncha za shaba. Uchafu huo wote uko tayari kutumbukia ndani mara kifuniko cha pampu kinapofunguliwa. Kabla ya kukifungua, pahali hapo papulizwe kwa upepo, papigwe brashi, pafutwe kwa kitambaa chenye mafuta, hadi rangi ya tangi ionekane. Pampu mpya iliyofungwa ndani ya tangi lililomwagiwa udongo itazibika mapema, na atalaumiwa mwenye duka.

Tangi likiwa chini namna hiyo, na sakafu imebaki wazi, swali la kidirisha lina maana. Tulipigie hesabu. Namba hizi ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kugawanya. Wewe weka zile utakazopewa na fundi wako Siakago au Embu mjini. Chukulia kushusha na kurudisha tangi ni Sh6,000 za ufundi. Kubadilisha pampu kupitia kidirisha ni Sh1,500. Kukata sakafu, kutengeneza kifuniko, rangi, mpira na bolti ni Sh5,000.

Ukikata siku ambayo tangi liko chini tayari, umeongeza Sh5,000 juu ya bili ambayo ungelipa vyovyote. Safari ijayo unaokoa Sh4,500. Yaani kazi moja tu inayofuata inakaribia kuirudisha pesa yako, na ukihesabu siku ambayo gari halikulala gereji na mafuta yasiyomwagika wakati wa kunyonywa, imerudi yote. Ukikata siku nyingine, pampu ikiwa nzima, tangi litashuka kwa ajili ya kukata peke yake: Sh6,000 na Sh5,000, jumla Sh11,000. Gawanya kwa Sh4,500. Unahitaji ubovu wa tatu ndipo upate faida. Pampu halisi inayotunzwa hudumu miaka mingi. Ni wachache watakaoumiliki mkweche mmoja hadi uue pampu tatu zaidi.

Hapo fundi mwingine atakuambia: tangi lisishuke, tutakata kwa juu polepole. Hapana. Hii ndiyo njia ya bei ya chini kuliko zote, na siwezi kuihesabu miongoni mwa chaguo. Kati ya sakafu na kichwa cha pampu pana nafasi ya vidole vichache tu, na mabomba na waya vinapita humo. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Siakago kwa adhuhuri ni mbali sana na hapo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hushuka na kujikusanya mabondeni, na shimo la gereji ni bonde. Tangi linaloitwa tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Dizeli ina huruma zaidi, mvuke wake haushiki hadi ipashwe kupita nyuzi 50, lakini cheche za grainda zina joto la kuvuka hapo mara nyingi, na zinaweza kuyeyusha bomba la plastiki hata kama moto haukuwaka.

Kwa hiyo: tangi litolewe kabisa, lipelekwe mbali, matundu yake yote yazibwe. Nguzo hasi ya betri ifunguliwe. Kizima moto cha unga kiwe karibu na kisiwe cha maonyesho. Na mwenye gari atazame jirani. Vibanda vya jua kali vimeshikana. Wakati fundi wako ananyonya petroli, wa pili yake anachomelea geti na cheche zinaruka hadi kwenye njia ya mkokoteni. Subiri amalize, au sogezeni gari uwanjani. Ukiambiwa "tumezoea", wewe usizoee.

Ukataji wenyewe una ufundi wake, na hapa mafundi wa bati wa mitaani kwetu ni wazuri kuliko wanavyosifiwa. Vipimo vichukuliwe kutoka chini, tangi likiwa bado mahali pake: umbali wa kichwa cha pampu kutoka kwenye vyuma viwili vinavyoonekana pia kwa juu, kama vile ukuta wa nyuma na boriti ya pembeni. Kisha litobolewe tundu moja dogo kuthibitisha kabla ya kukata. Kidirisha kiwe kikubwa kuliko kichwa cha pampu kwa kiasi cha mkono na spana kuingia, na pampu yenyewe kuchomoka kwa mshazari pamoja na mkono wa kipimo cha mafuta, unaojitokeza pembeni. Wengi husahau mkono huo. Wanapata tundu zuri ambalo pampu haipiti.

Usikate boriti. Mikunjo na mbavu za sakafu zimewekwa kwa ajili ya nguvu. Kama kichwa cha pampu kiko chini kabisa ya boriti, kidirisha hakifai kwenye gari hilo, basi. Pembe ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo ufa huanzia, na barabara zetu za mawe zitautafuta ufa huo. Badala ya grainda, mkasi wa bati au msumeno wa umeme wenye meno madogo hutoa ukingo safi zaidi na cheche kidogo au hakuna. Kwenye Defender, sakafu ya nyuma ni aluminiamu: inakatika kwa urahisi, haishiki kutu nyekundu, lakini bolti za chuma zitaila pale zinapogusana, hivyo zitenganishe na sakafu kwa washa za mpira. Kwenye Suzuki sakafu ni chuma chembamba; ukingo uliokatwa upakwe rangi ya zinki siku hiyohiyo, kabla ya umande wa usiku.

Kifuniko kiwe cha chuma au aluminiamu, karibu milimita 1.5, na kipite ukingo wa tundu kwa sentimita mbili au tatu kila upande kama mfuniko wa sufuria. Usikubali mbao wala plastiki: sakafu ni ukuta kati ya mafuta na abiria, na siku ya moto ni bati litakalokupa dakika za kutoa watoto. Kati yake na sakafu kuwe na gaskiti ya mpira wa sponji usioharibiwa na mafuta. Silikoni peke yake inatosha kwa maji, lakini ukiitumia kila ukifungua utaanza upya, na lengo la kidirisha ni kufungua. Bolti zishike kwenye nati zilizorivitiwa sakafuni. Skrubu za kujitoboa huchakaa tundu zake baada ya kufunguliwa mara mbili tatu, na kisha kifuniko kinaanza kupiga kelele.

Kufunga huku ni muhimu kuliko kunavyoonekana. Gari lenye nyuma bapa kama Defender au Jimny, likikimbia, huacha mvuto wa hewa nyuma yake, na bomba la eksozi liko hukohuko. Tundu lisilozibwa sawasawa linaingiza moshi ndani, pamoja na kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na anayekaa juu yake mara nyingi ni mtoto. Kwangu hilo ni zito kuliko hesabu yote ya shilingi: kama huna uhakika na mkono wa fundi katika kufunga, lipa Sh6,000 za kushusha tangi kila mara na usikate.

Sasa pampu. Ya kiwandani ni ghali, na mara nyingi huuzwa nzima na makazi yake, kipimo na chujio. Kwenye magari mengi ya petroli, kilichokufa ni mota ndogo ya ndani tu, nayo huuzwa peke yake kwa bei ya chini sana kuliko seti nzima. Uliza kwanza. Maduka ya Kirinyaga Road jijini Nairobi hutuma vipuri kwa matatu hadi Embu mjini, na malipo ni ya simu. Tuma picha ya pampu ya zamani, namba zilizochongwa juu yake na namba ya chasisi, si jina la gari tu. Iliyotumika kutoka Japani inaweza kuwa nzuri, lakini umri wake haujulikani, na kama gari lako halina kidirisha sikushauri: unalipia kushusha tangi kwa ajili ya pampu inayoweza kufa mwaka kesho. Mwenye kidirisha anaweza kuthubutu. Hapa ndipo njia ya kuifikia pampu inapobadilisha hata aina ya pampu unayoweza kuinunua, na hesabu hii wengi hawaifanyi.

Kipande cha bomba la mpira kinachounganisha mota na kichwa ndani ya tangi kinahitaji jicho. Bomba la kawaida la mafuta limetengenezwa kubeba mafuta ndani, halijatengenezwa kuzamishwa ndani yake. Upande wa nje huvimba na kupasuka, mgandamizo unavuja ndani ya tangi, na gari linarudi kuwa dhaifu kana kwamba pampu mpya ni mbovu. Lipo bomba maalumu la kuzamishwa, na ni ghali kwa futi moja, lakini unahitaji sentimita chache.

Na ile njia ya tatu, ya kuiacha pampu iliyokufa ndani na kufunga nyingine nje kwenye chasisi? Inafaa kukutoa porini hadi nyumbani. Kwa kudumu, pampu nyingi za nje hazipendi kunyonya kwenda juu. Zinataka mafuta yazifikie yenyewe, na zikiwa nje zinapigwa na mawe na vumbi na zinavuma masikioni kutwa. Tahadhari kubwa ni kuuziwa pampu ndogo ya mraba ya magari ya kabureta. Ile hutoa PSI 3 hadi 6. Injekta zinazodai 43 hazitaiona, na pesa imekwenda.

Kuhusu bima, waandikie kampuni yako barua fupi kueleza kwamba sakafu imekatwa na kufungwa kwa bati. Ni afadhali wajue kutoka kwako kuliko kutoka kwa mkaguzi baada ya ajali. Piga picha tundu kabla halijafunikwa, pembe zake na rangi yake, uziweke pamoja na logibuku na risiti ya pampu. Mnunuzi wa kesho atainua zulia, na picha hizo ndizo zitakazomtuliza kwamba sakafu haikukatwa kwa sababu ya kutu au ajali.

Mkubaliane na fundi mapema kwamba baki ya pesa inalipwa baada ya majaribio, na majaribio yenyewe yawe ya aina mbili. Kwanza, injini ikiwa imewaka na kifuniko bado kiko wazi, pitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo cha bomba. Kikitoka na unyevu, kirudiwe. Kwa Td5, hewa iondolewe kwanza: swichi ikiwa imewashwa, kanyaga mafuta hadi mwisho mara tano, taa ya injini itamweka na pampu itajizungusha yenyewe kwa dakika chache kabla ya kupiga stata. Pili, funga kifuniko, tandaza gazeti jeupe juu yake badala ya zulia, funga madirisha yote, uendeshe kilomita kadhaa kwenye barabara ya vumbi ukiwa nyuma ya gari lingine. Gazeti likirudi na mstari mwekundu ukingoni, vumbi limepata njia, na penye njia ya vumbi moshi nao utapita. Rudisha gari siku hiyohiyo, kabla ya kutoa shilingi ya mwisho.